Hodi Isiyo na Sahihi

Cheka ukitaka. Mimi ni fundi wa barua pepe, si mtu wa kuota mchana, na haya yalinipata mimi mwenyewe hapa hapa Arusha, jua halijazama.

Matapeli walikuwa wakituma barua pepe kwa jina la kampuni yetu ya utalii. Wageni wanatapeliwa, lawama tunabeba sisi. Kwa hiyo mimi na mwenzangu Elibariki tukaweka utaratibu: kila barua yetu ibebe sahihi ya siri, na isiyo nayo ikataliwe, hata ikijidai imetoka kwa bosi. Jioni hiyo nilikuwa peke yangu ofisini nafanya majaribio. Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka madirishani.

"Hodi," nikasikia. Sauti ya Elibariki. Nikajibu, "Karibu," bila kuinua macho. Na wewe ungejibu hivyo hivyo, usinidanganye.

Akaketi. Tukapiga soga huku nachapa. Akaulizia hali ya Neema, binti yangu. Akauliza siku hizi nikifika nyumbani Sekei nabisha hodi vipi. Nikamwambia nagonga mara mbili, namwita Neema. Maswali ya kirafiki tu, au siyo?

Ndipo ikaingia barua kutoka kwa Elibariki. Sahihi ipo, vipimo vyote imepita. "Kaka, bado niko Ngaramtoni kwa mama, ng'ombe anazaa. Nitakuja kesho."

Nikaacha kuchapa. "Elibariki?" nikaita.

"Naam," akaitika yule, kwa sauti yangu mimi. Nikainua macho: shati langu, uso wangu. Akainuka, akatoka, akapotelea kwenye ukungu. Niamini, nililia kwa woga, mtu mzima mimi.

Nilipopata nguvu nikampigia mke wangu. Akacheka. "Baba Neema, unanipigia simu ya nini na wewe uko sebuleni? Si wewe huyo umembeba mtoto."

Kulikuwa na jambo moja ambalo mimi na mke wangu hatukuwahi kumwambia mtu. Kabla ya Neema tulipata mtoto wa kiume, hakumaliza hata siku moja duniani. Jina tulimpa sisi wawili, na halikutoka nje ya chumba kile. Nikamwambia, "Mama Neema, usipige kelele. Muulize tulimwitaje kaka yake Neema."

Nikamsikia akiuliza. Kisha mlango ukafunguliwa na kufungwa, halafu sauti ya Neema: "Mama, baba ameenda wapi?"

Tangu siku ile mke wangu hafungui mlango mpaka nitaje jina lile. Kila jioni nalitaja jina la marehemu mwanangu ili niingie kwangu, na kila jioni linaniuma. Elibariki naye hunitazama usoni kwanza, ndipo anipe mkono.

Wewe unayenisikiliza, ukipigiwa hodi uliza ni nani, umwone, ndipo umkaribishe. Sauti si kitu. Juzi nikiwa bado kazini, mlango wetu uligongwa mara mbili, Neema akaitwa kwa sauti yangu. Mke wangu akauliza jina. Yule wa nje hakuondoka. Alianza kutaja majina ya kiume, moja moja, taratibu, na mwanetu tulimpa jina la kawaida sana.