Baada ya Mavuno

Levina wa Lipangalala si mama mzembe, na anayebisha akaitazame kwanza mikono yake. Kosa lake ni la wakulima wengi wa bonde hili: kila jambo husubiri mpunga.

Binti yake, Evelina, alizaliwa na weupe katika mboni zote mbili. Mkunga alisema ni mtoto wa jicho, akamhimiza mama ampeleke hospitali upesi. Levina aliitikia vizuri, akaahidi kwenda baada ya mavuno. Mvua zilikuwa zimeanza, na familia ilikuwa inahamia shamba la mbali kulala dunguni hadi mpunga uvunwe. Mavuno yakaja, kukawa na kupura, kisha kuandaa shamba, kisha mvua tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini mtoto hakulia wala hakuumwa. Tena alipofika miaka mitano hakuwa na mpinzani katika kuamia ndege. Alisikia mbawa zao kabla ya wenye macho, akavuta kamba ya makopo, wakatawanyika. Mama mtu akawa anajisifu.

Evelina alipasuliwa macho hatimaye akiwa na miaka minane. Bandeji zilipotolewa macho yalikuwa meusi, safi, na Levina akalia kwa furaha. Kisha akanyoosha kitenge mbele ya uso wa mtoto, akangoja. Evelina aliendelea kuukodolea macho ukuta.

Daktari Mwanamvua alimketisha Levina, akamweleza bila kumficha. Mtoto huzaliwa na seli za neva tele kichwani, ila miunganiko kati yao huimarika kwa kutumika. Mwanga ukiingia miezi ile ya mwanzo, njia za kuonea hukomaa. Usipoingia, njia hizo hunyauka, na nafasi yake hushikwa na kazi nyingine, kama kusikia.

"Macho yamepona, mama. Ubongo ndio haukujifunza kuona, na muda wake umepita. Atatambua mwanga na giza, basi."

Levina akauliza alipaswa kumleta lini.

"Mwaka uleule aliozaliwa."

Mwaka ule mpunga ulikubali mno, magunia yakakosa pa kuwekwa. Levina alilikumbuka hilo, na moyo ukamuuma.

Evelina alipapasa hewani hadi akaupata mkono wa mama yake.

"Mama, kumbe kuona ndiyo hivi?"

Levina akamwambia ndiyo.