Mlango wa Zambarau

Jina la Jicho hakupewa na mtu. Alijibandika mwenyewe, akalirudia na kulirudia mpaka gereji nzima ikachoka kubishana naye, ikaanza kumwita hivyo. Alikuwa mpiga rangi wa magari, na tusimnyime haki yake, mkono wake ulikuwa mwepesi. Rangi ilitua kwenye bati bila kuchuruzika. Balaa lilikuwa mdomo. Akimwona mwenzake anapima rangi kwa mizani, alibinua midomo.

"Mizani ya kupimia sukari hiyo," alisema, akivuta kope ya chini kwa kidole. "Rangi inapimwa na hili hapa."

Aliyemkera kuliko wote ni baba mkwe wake, mwalimu mstaafu wa fizikia, mzee mpole asiyeweza kuona kitu kikitokea bila kukieleza. Siku moja wakinywa chai barazani kwake, mwalimu akaanza.

"Rangi haimo kwenye kopo, mwanangu. Rangi zote zimo kwenye mwanga. Kitu kinameza baadhi yake na kurudisha nyingine, na hizo zinazorudi ndizo unazoziona. Mwanga ukija pungufu, na rangi utaiona pungufu."

Jicho alicheka mpaka chai ikampalia.

"Baba, mimi nanunua kopo limeandikwa buluu, nafungua, naikuta buluu ndani. Huo mwanga unaingilia wapi?"

Huyo ndiye mtu aliyekula na kuvaa kwa kazi ya rangi maisha yake yote. Mkewe, binti wa mwalimu, aliinamia kikombe chake asionekane uso.

Sasa, nyumba ya mwalimu ilikuwa na chumba cha mbele, kinachotazama barabara, pembeni kina nafasi ya kutosha magari mawili. Kilikuwa kitupu, na Jicho alikuwa akikimezea mate tangu siku ya posa. Alichoka kutumwa na mwenye gereji kama mtoto. Basi gari la mwalimu, la buluu iliyokolea, likakwaruzwa na geti kwenye mlango wa dereva, na mzee akamwita.

"Nipigie mlango huu. Ukifanana na gari lenyewe, chumba ni chako, ufungue kazi yako."

Jicho hakungoja hata kuianza hiyo kazi. Jioni ileile alimwambia mwenye gereji kwamba akimaliza mlango wa mkwewe anaondoka, na atafute mtu mwingine wa kuishi kwenye banda lake la vyura.

Kuhusu banda hakukosea sana. Banda la kupigia rangi lilikuwa limeezekwa kwa plastiki za kijani, na ndani mlikuwa na mwanga kama wa chini ya bwawa. Kila fundi pale alijua dawa yake: unapaka rangi kidogo kwenye kipande cha bati, unakitoa nje juani, unakilinganisha na gari, ndipo unajaza bomba. Kila fundi, isipokuwa mwenye jicho.

Alichanganya mlemle ndani. Akaona buluu yake imepauka kidogo kuliko ya gari, akatia tone la nyekundu ikolee. Bado. Akatia jingine, na jingine. Mwanga ule wa kijani haukuwa na wekundu wa kurudisha, hivyo nyekundu yote aliyoimimina aliiona kama weusi tu. Mwishowe kipande cha bati alichokipaka na ubavu wa gari vikawa kitu kimoja, akapiga mluzi.

Mkewe alikuwa amemletea chakula. Yeye aliuza vitambaa sokoni.

"Mume wangu, kitoe nje kidogo kipande hicho. Sisi hatukati kitambaa mpaka mteja akipeleke mlangoni akione."

"Wewe uza vitambaa vyako."

Mkewe akaweka chakula juu ya tairi, akaenda kuuza vitambaa vyake. Jicho akajaza bomba, akaupiga mlango.

Gari lilifika kwa mwalimu magharibi, wakati ambao hata ng'ombe mwekundu na mweusi huwezi kuwatofautisha. Mzee akapitisha kiganja mlangoni.

"Laini sana. Nitauangalia asubuhi."

Asubuhi jua likatoka kama kawaida yake. Gari lilikuwa la buluu. Mlango ulikuwa wa zambarau, zambarau ya bilinganya, uking'aa bila doa wala mchirizi, kazi safi kabisa ya kijinga. Wapita njia wakapunguza mwendo. Jicho alitazama mlango, akatazama juu.

"Jua la leo kali mno, Baba. Tungoje wingu."

"Kwa hiyo nikitaka kwenda popote nitangoja wingu?"

Jicho aliona aibu, aibu ya kweli iliyomchoma masikio, kwa maana gereji hakuwa nayo tena na chumba kilikuwa kinamtoka machoni pake. Lakini hata aibu hiyo hakujua kuitumia. Akaigeuza hasira, akaanza kuwatukana waliotengeneza kopo. Mwalimu alimwacha amalize, kisha akampa binti yake ufunguo wa chumba.

"Chukua wewe, mama. Wewe angalau unatoka nje."

Leo chumba kile ni duka la vitambaa. Mwenye gereji alikataa kumrudisha Jicho, na alikuwa na kila sababu. Mteja akichagua kitambaa, mkewe husema, "Mume wangu, kitoe," naye hukibeba hadi barabarani, akakinyoosha juani kwa mikono miwili. Na hapo, bila haya hata kidogo, humweleza mteja kwamba rangi zote zimo kwenye mwanga, siri ambayo mafundi wengi hawaijui, na yeye aliigundua mwenyewe kazini.

Mwalimu humsikia, akatabasamu tu. Mlango wake hakuupaka upya. Kila asubuhi huegesha gari mbele ya duka, upande wa dereva ukitazama jua, na Jicho hutoa mhadhara wake akiwa ameupa mlango mgongo.