Bango la Mafuta Uani Kwetu

Wiki iliyopita mwalimu wangu wa darasa la nne alinikuta Konde, hapo ninapoziba pancha. Huenda unamjua mtu wa namna yake, amestaafu lakini kukaa hawezi. Siku hizi anakusanya mabango ya zamani ya barabarani na kuyatundika bandani kwake, ili watoto wajue magari ya kwanza yalikuwa yakisimama wapi. Aliniambia amesikia bango la kile kituo cha mafuta cha zamani liko kwetu. Nikaitikia, na uso ukaniwaka moto.

Bango lile lilikuwa mlango wa choo chetu.

Babu alikuwa akizungusha pampu ya mkono pale kituoni. Kituo kilipofungwa, watu walikuja kukata mabati wakatengenezee majiko, naye akaliwahi bango, akalileta nyumbani kwa gari la ng'ombe. Babu mimi sikumkuta. Nilimkuta bibi, na bango limeshatiwa bawaba. Msimu wa karafuu bibi alikaa uani akichambua vikonyo, muhogo wa nazi ukitokota nyuma yake, na kila mtu akienda chooni bati lililia hata majirani wakajua. Ijumaa asubuhi alilifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Chuma hiki kimekula jua pamoja na babu yenu," alikuwa akisema.

Wenzangu walinisubiri njiani nikienda chuoni kusoma Kurani. "Bwana Mafuta, tutilie galani moja," huyu husema, na yule huuliza kama mafuta yetu tunayachota mle mle shimoni. Nilipita tu.

Kisha dada akaja kuposwa. Ami, mdogo wake baba, akasema wakwe watadhani tunaishi gereji. Akalipiga bango msasa mpaka likabaki chuma kitupu, akalipaka rangi ya kijani. Nilifurahi kama mtu aliyeshonewa nguo ya sikukuu. Bibi alitoka, akalitazama kitambo, akarudi ndani. Ijumaa iliyofuata hakutoka na kitambaa, wala Ijumaa yoyote baada ya hiyo.

Sasa bibi hayupo, na ami naye ametangulia. Mimi na mwalimu tulilifungua bango, tukalilaza chini ya kivuli, tukaanza kukwangua. Rangi ya kijani ilitoka vipande vipande. Chini yake hakukuwa na herufi hata moja, ila kutu.

"Si neno, mwanangu," mwalimu alisema, akafuta jasho. "Nitaliandika upya. Wewe umekulia hapa. Niambie tu lilikuwa limeandikwa nini, na rangi gani."

Nikatafuta. Mlio wake niliukumbuka, na ubaridi wake kiganjani alfajiri, na ile pembe iliyokuwa ikinichana kanzu. Jina halikuja. Na kusoma nilijua tangu kabla ya darasa lake, yeye mwenyewe shahidi.

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Nilikuwa napita nimeinamisha kichwa."

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Alilifunga bango kwa kamba nyuma ya baiskeli, akaniaga, akaondoka akiisukuma taratibu. Nikabaki uani nikitazama choo kisicho na mlango, nikiwaza kwamba hata bibi, ambaye hakujua kusoma, angemwonyesha mwalimu kwa kidole kila herufi ilikaa wapi.