Jina la Mama Njoki Kwenye Bango

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuogopa kuuliza.

Timu yetu ya Bondeni ilikuwa ikijiandaa kwa matembezi ya kuchangia wagonjwa wa saratani ya matiti. Mimi nilipewa kazi ya kuandika majina ya waliotuacha kwenye bango la kitambaa. Mama Njoki, mwenzetu aliyekuwa kwenye matibabu, hakuwa amefika mazoezini wiki tatu, na simu yake ilikuwa imezimwa. Niliogopa kupigia familia yake nisiwaamshie kilio. Nikamwandika. Herufi za jina lake nilizikagua mara nne. Kama yuko hai sikukagua.

Jumamosi tulisimama kimya mbele ya bango, vichwa chini. Lango la uwanja likafunguka. Mama Njoki akaingia polepole, akasimama kando yangu, akasoma.

"Nani ameniandika hapa?"

"Ni mimi, mathe."

"Kwani nilizikwa lini, na hata chai sikupewa?"

Wote walicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu yeye mwenyewe hakucheka; alinishika mkono, akanivuta karibu.

"Litoe, kijana," akaninong'oneza. "Kila siku naogopa kuliona jina hilo hapo."

Nililikata kwa makasi mbele ya wote. Siku hizi napiga simu kwanza, hata nikiogopa jibu.