Shikamoo Iliyokatwa

Mimi darasani nikiulizwa jambo ninalolijua husema silijui, ili tu nikae chini haraka. Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba sura ya kutangaza hoteli ya mama itakuwa yangu, naamini hata kuku walishangaa.

Aliyeamua ni dada, binti wa mama mkubwa, aliyekuja likizo kutoka chuo Dodoma. Hoteli yetu iko Mandewa, fremu moja yenye meza tano, na mwaka huu meza tatu kati ya hizo tulikuwa tunazifuta vumbi tu. Ng'ambo ya barabara wamefungua mgahawa wenye viti vya sponji na taa zinazobadilika rangi mchana kweupe, na vijana wote wamehamia huko kula chipsi. Mama alishasema: hali ikiendelea hivi mpaka mvua za kwanza, anarudisha ufunguo wa fremu na tunahamia Mwankoko kulima alizeti na mjomba. Alilisema akichambua mchele, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mama akisema jambo zito kwa sauti ya kawaida ujue ameshalilia peke yake.

"Mnakufa njaa na dawa mnayo mfukoni," dada alimwambia akinyanyua simu. "Video fupi, mama mdogo. Sekunde kumi na tano."

"Za kusema nini?"

"Hakuna kusema. Watu waone kuku."

"Singida hii? Nani hajaona kuku?"

Moyoni nilikuwa upande wa mama. Kutangaza kuku wa kienyeji Singida ni sawa na kutangaza upepo. Lakini dada amesoma mambo ya masoko semesta mbili nzima, na sisi hatujasoma hata moja.

Mteja mmoja tu ndiye hakutuhama: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyemfundisha mama kusoma. Saa saba anaingia, anavua kofia, anakula ugali wa uwele, mlenda na paja la kuku. Dada alimtazama siku moja tu akasema, "Huyu mzee ana sura ya bango. Na meno yote ni yake." Mwalimu alipoombwa kurekodiwa alikubali, akatuomba tu tumsubiri akabadilishe shati.

Kazi yangu ilikuwa kutoka jikoni na sahani inayofuka mvuke, kuiweka mezani na kutabasamu. Nikatoka. Nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu."

"Wa nyumbani?"

"Wazima."

"Na bibi yako wa Mwankoko, ule mguu?"

Mguu ulikuwa unaendelea vizuri. Tukaja kwenye shule, tukaja kwenye mbuzi wa mjomba, kisha akahamia Kinyaturu kuuliza yale ambayo kwa Kiswahili huwa yanaulizwa nusu. Kinyaturu changu ni cha kujibu tu, kwa hiyo nilijibu, sahani ikiwa mikononi, mpaka vidole vikaanza kufa ganzi.

"Mvuke umekwisha!" dada akapiga kelele. "Kuku amepoa!"

Kuku akarudishwa jikoni. Mara ya pili dada alituagiza tusiamkiane tena, kwa kuwa tumeshaamkiana. Hoja ilikuwa sahihi. Nilitoka, nikaweka sahani, mvuke ukapanda, Mwalimu akang'ata paja, akacheka. Mimi niliangalia chini kwa aibu, lakini kwenye video inaonekana kama naangalia chini kwa dharau. Dada akaweka muziki na maandishi: KUKU WA KWELI, MANDEWA. Akaiposti Jumamosi.

Kufikia Jumapili mchana ilikuwa imefika kwenye grupu la jumuiya, grupu la msikiti na grupu la wazazi wa darasa la saba. Dada alikuwa anarukaruka. "Imetrendi! Si niliwaambia?" Kisha akaanza kusoma maoni kwa sauti, na kadiri alivyosoma sauti ilizidi kushuka.

"Binti anaweka sahani mbele ya mzee kama anamwekea mbwa."

"Hata karibu hakusema."

"Kuku mzuri, malezi sifuri."

Na la mama mmoja, lililomaliza kazi: "Huyo ni mtoto wa nani?"

Waislamu na Wakristo wa mtaa wetu, ambao kuchimba mtaro mmoja wa maji kunawagharimu vikao vitatu, walikubaliana bila kikao kwamba mimi sina adabu. Mimi, ambaye huwa nasimama juani dakika tano nikisubiri mzee amalize kukohoa ili nimwamkie! Shuleni Jumatatu wasichana walijipanga mlangoni wakaniinamia, "Shikamoo, bosi." Sikujibu. Wakasema, mnaona?

Siku hiyo saa saba Mwalimu hakutokea. Jumanne pia. Paja lake mama alilitenga kwenye hotipoti, jioni akanipa nile, likanishinda.

"Kufunga hoteli naweza," alisema. "Nitalima kama watu wengine. Lakini niondoke hapa naitwa mama asiyejua kulea?" Akajifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza. "Twende kwake."

Mimi, mama na dada tulimkuta Mwalimu uani anapukuchua mahindi. Sikungoja afungue lango. Nilipiga goti huko huko nje, kwenye kokoto, nikatoa shikamoo ambayo hata mimi sikujua ninayo.

"Marahaba," akajibu. "Hiyo imefika mpaka Mwankoko."

"Mwalimu, tumekukosea," mama akaanza.

"Mimi hamkunikosea. Mtoto ameniamkia, nilikuwepo. Shida ni hao wasiokuwepo." Akasukuma ungo pembeni. "Juzi kanisani mzee mwenzangu kaniuliza: miaka yote ulichapa watoto kwa kutoamkia, leo mtoto anakupita kama gogo na wewe unacheka, nyama mdomoni? Nitatokaje tena? Nimeonekana nimeuza marahaba yangu kwa paja la kuku."

Alisema hivyo kisha akacheka mwenyewe. Sisi hatukujua kama tunaruhusiwa kucheka, tukabaki tunakohoa.

"Ile ya kwanza mnayo?" akamuuliza dada.

"Ipo kwenye simu, babu. Lakini ni dakika sita."

"Iwekeni yote."

"Babu, hakuna mtu duniani anayeangalia watu wakiamkiana dakika sita."

"Sisi tupo," alisema Mwalimu.

Dada aliiposti na uso wa mtu anayezika cheti chake. Haikuwa na muziki wala maandishi. Dakika sita za mguu wa bibi, mbuzi wa mjomba na kuku anayepoa, na mwisho sauti ya dada mwenyewe ikilia kwamba mvuke umekwisha. Vijana, kama alivyotabiri, walikimbia sekunde ya tatu. Wazee waliangalia mpaka mwisho, wengine mara mbili, wakaanza kubishana kwenye magrupu kama nilipaswa kuwataja na ng'ombe. Yule mama aliyeuliza mimi ni mtoto wa nani aliandika: "Nimemjua mama yake. Watu wazuri." Kuomba radhi hakuomba, lakini kesho yake alikuja.

Hakuja peke yake. Walikuja wauza vitenge wa sokoni, wazee wa baraza la msikiti, na balozi wetu wa nyumba kumi. Ukweli ni kwamba hawakuja kula. Walikuja kukagua.

"Ndiye huyu? Hebu niamkie."

Nikaamkia. Akaniuliza shule, nikajibu. Wakati huo mama anapita na jagi na beseni, anamwagia maji mikononi, na mtu mzima akishanawa mbele ya watu hawezi kusimama akaondoka bila kula. Hiyo nayo ni adabu. Mama aliligundua hilo kwa mteja wa pili, na sijamwona tena akichelewa na jagi. Alhamisi tulijaza meza nne. Mwalimu alikuja na shati lile lile la kwenye video, akala huku watu wakimwangalia zaidi kuliko walivyoangalia sahani zao.

Sasa hivi dada ameshaandika kwenye ripoti yake ya chuo kwamba yote yalikuwa mkakati wa awamu mbili. Mimi nimekauka koo. Mtu aliyekuwa anaogopa kusema "nipo" wakati wa kuita majina anaulizia afya za familia nzima nzima kila mchana, na kuku wanaenda mezani vuguvugu, na hakuna anayelalamika. Sitasema nimezoea. Kila mgeni akivuka mlango bado naangalia kwanza mlango wa jikoni.

Jumapili mjomba alipiga simu. Wingu limeanza kutanda upande wa Mwankoko, anataka kujua amtengee mama kipande gani cha shamba. Mama alikuwa ananyonyoa jogoo, mikono yote manyoya, akaniambia niongee mimi. Nikaamkia, kisha nikasema mama anasema mlime tu wenyewe.

"Mwaka huu tu, au ndiyo basi?" mjomba akauliza.

Nikamgeukia mama nikamrudishia swali. Alinyonyoa bawa zima kabla ya kujibu.

"Mwambie mwaka huu," alisema. "Halafu njoo unishikie huyu miguu."