Blanketi la Mwaloni

Jirani yangu ni mama mwenye sauti ya kupasua sufuria. Akikohoa asubuhi, kuku wangu wanaacha kutaga mpaka wiki iishe. Ana mwalo wa kuchenjulia dhahabu nyuma ya uzio wangu, hapa pembezoni mwa Kalangalala, na karasha lake linasaga mawe kutwa nzima. Vumbi aliloniletea tangu nihamie kutoka Tinde, ningelikusanya, leo ningekuwa na mlima wangu mwenyewe na watu wangeupanda kwa kiingilio. Linatua kwenye mikate yangu, kwenye mchicha wangu, kwenye vichwa vya wanafunzi wangu. Mara ya kwanza nilipokwenda kulalamika, aliniangalia kuanzia kandambili mpaka kilemba.

"Mwalimu wa viraka," akasema, "dunia yote ina vumbi. Kama hulitaki, hamia ziwani ukakae na samaki."

Viraka ni kweli nafundisha, na sioni aibu. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto wawili mgongoni. Haya, alikuwa mmoja, ila alikuwa na uzito wa wawili. Ningeweza kuwa karani mahali fulani, nikapiga mihuri mpaka nizeeke. Nikaona bora mfarishi: unachukua mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani, unayaunga kipande kwa kipande, unaweka blanketi kuukuu katikati, chini unatia shuka, kisha unashona kwa mkono kupita tabaka zote tatu mpaka vidole viombe radhi.

Mvua zikianza, nalima. Sikukuu zikikaribia, naoka skonzi na keki kwa mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na harufu yake, nakuhakikishia, inafika Shinyanga mjini. Mavuno yakishaingia ndani, wanawake wanapata nafasi, ndipo darasa linafunguliwa barazani kwangu. Kiangazi chote ni sindano na umbea.

Kiangazi hicho nilikuwa na mwanafunzi mmoja mama lishe, aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi wa mwalo wa jirani. Binti yake alikuwa anaolewa, na yeye alitaka siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga nyumbani, amfunike mfarishi alioushona mwenyewe. Hakununua hata kipande. Alileta gauni la ubatizo la binti, sketi yake ya shule, khanga ya bibi yake aliyekwisha kufariki. Vile vitambaa havikuwa na wenzake duniani. Vikiharibika, basi.

Kwa ajili ya katikati akaja na blanketi moja zito, limeshiba tope kama vile limefukuliwa.

"Hili umelitoa wapi, mayu?" nikamuuliza, kama tunavyoitana akina mama kwetu Tinde.

"Kwa tajiri. Nilimwomba kitu cha kufutia mabenchi, akanionyesha kwenye kona, akasema chukua hilo tambara. Nikaona kwa benchi ni kubwa mno."

Nikalifua mwenyewe, maana yeye alikuwa na masufuria yake ya kukimbilia. Beseni la kwanza lilitoka rangi ya chai ya maziwa, la pili vilevile. Na mimi kiangazi simwagi maji ovyo. Yote yalikwenda kwenye tuta langu la mchicha, mchicha ambao jani lake moja ungeweza kujikinga nalo mvua. Samadi ya tuta lile niliibeba kichwani kutoka zizini, ndoo kwa ndoo, shingo ikaingia mabegani mpaka leo haijatoka yote.

Tukashona. Ikabaki siku moja kabla ya sendofu, tuko barazani tunamalizia pindo, mara geti likapigwa teke. Jirani huyo, na wafanyakazi wawili nyuma yake.

"Shikamoo, mama," mama lishe akasema.

"Shikamoo yako iweke pembeni. Blanketi langu liko wapi?"

"Si ulinipa mwenyewe? Ulisema chukua tambara."

"Nilidhani ni la mlinzi! Lile ni la ubaoni!"

Hapa kwetu hata mtoto anajua maana yake. Mwaloni, mawe yakishasagwa, unga wake unapitishwa na maji juu ya ubao ulioinamishwa, na juu ya ubao hutandikwa blanketi. Dhahabu ni nzito, inanasa kwenye manyoya. Blanketi likichakaa halitupwi. Linachomwa, na majivu yake yanaoshwa kama mchanga. Mtu wa mwaloni kutoa blanketi la ubaoni likafutie benchi ni sawa na mfugaji kumpa mgeni ng'ombe akidhani ni kigoda.

"Lililala pale ubaoni tangu kabla ya mavuno mpaka likachakaa," jirani akasema. "Mnajua lina nini?"

"Lina jasho la wafanyakazi wako," mwanafunzi mmoja akajibu, na wenzake wakacheka.

Jirani hakucheka. Akachukua kiberiti changu mezani. "Nalichoma hapahapa. Majivu yangu, vitambaa vyenu."

"Vikishaungua tutavivaa vipi, mama?" mwanafunzi yuleyule akauliza.

"Mtajua wenyewe. Mmezoea viraka."

Mama lishe hakubishana. Aliutandika mfarishi sakafuni, akalala juu yake kifudifudi, mikono ameitanua kama anayezuia bati lisipeperushwe. "Nichome na mimi," akasema, mdomo ukiwa kwenye gauni la ubatizo. Jirani akachuchumaa, akaanza kuvuta ncha moja. Nikasikia uzi unakatika.

Nikaangalia tuta langu. Nikaangalia ule uzi. Mungu anisamehe, niliangalia tuta mara mbili.

"Acha," nikasema. "Humo hamna kitu. Blanketi nimelifua mimi, nikalikamua mpaka likalia. Tope lako lote nimemwagia mchicha."

Akainua kichwa, akageuka taratibu kuangalia bustani. Kisha akatabasamu, na ndiyo siku pekee niliyoyaona meno yake.

"Chimbeni," akasema.

Mfanyakazi mmoja akanijia na chepe, ameinama kwa adabu. "Mwalimu, mchicha tuung'oe kwanza tukuachie?"

"Chimba nao!" tajiri wake akapiga kelele. "Kuna nini cha kuachia?"

Wakachimba. Toroli likaenda likarudi, likaenda likarudi, mpaka tuta likawa shimo la kuzikia tembo. Mimi nimesimama mikono kiunoni.

"Usisahau minyoo, mama. Huenda imemeza."

"Minyoo ya maskini haina kitu tumboni."

"Basi mbona unaibeba?"

Sendofu ikafanyika. Keki niliioka kwa hasira, na sijui hasira ina hamira gani, maana iliumuka mpaka ikasukuma mfuniko na makaa yake. Binti akafunikwa mfarishi mabegani, na bibi zake wote wakamzunguka wakitafuta khanga ya marehemu, walipoiona wakapiga vigelegele wakilia. Jirani naye alikuja, kavaa dhahabu mpaka kwenye vidole vya miguu. Akajipanga kwenye mstari wa zawadi kama watu wengine. Alipomfikia binti, akaushika mfarishi kwa vidole viwili, akaufikicha, akaviangalia vidole juani.

"Mama," mama lishe akamwambia mbele ya watu, "bibi harusi anapewa zawadi, hapapaswi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Jirani hakungoja keki. Kipande chake nilikila mimi, na sijawahi kula keki tamu kama ile.

Jumatatu yake akamfukuza mama lishe kazi. Mama lishe akahamishia majiko getini kwangu, na sasa wafanyakazi wanatoka kwa jirani kuja kula kwangu, yeye anawatazama kwenye upenyo wa uzio kama wanavuka mpaka. Hao ndio walioniambia kilichopatikana kwenye udongo wangu: pini zangu za kushonea, kifungo kimoja, na ng'aring'ari ya dhahabu ambayo hata upepo wa kope ungeipeperusha. Pini hajanirudishia mpaka leo.

Udongo wenyewe, baada ya kuuosha, aliumwaga kwenye lundo lake la mchanga uliokwisha kusagwa. Mvua za kwanza zikaja. Shimo langu likajaa maji na vyura wa kutosha mkoa mzima. Ng'ambo ya uzio, mbegu zilizokuwa kwenye samadi yangu zikaota. Mchicha ukafunika lundo, ukaingia chini ya ubao, ukachomoza kwenye magurudumu ya karasha. Siugusi, maana pale wanamwaga zebaki, na yeye anajua hivyo, hawezi hata kuuza fungu. Kila asubuhi namsikia anang'oa, anatukana, anang'oa.

Juzi akasimama kwenye uzio, mikono imejaa majani.

"Wewe! Njoo uchukue magugu yako!"

"Siyo yangu, mama," nikamjibu, huku natunga uzi kwenye sindano. "Uliyachimba mwenyewe."