Mabao ya Msimu wa Tatu

Mjukuu wangu alikuwa kotabeki. Wasiojua niwaeleze, maana hata mimi ilinichukua miaka miwili kuelewa. Huu si mpira wa miguu. Ni ule wa Kimarekani, wachezaji wanavaa makofia magumu na mabega ya plastiki, na kotabeki ndiye anayepokea mpira nyuma ya wenzake, akatazama nani yuko wazi, akaurusha kabla watu watatu hawajamwangusha. Mwenzake akiudaka ndani ya eneo la mwisho ni bao, na bao hilo huandikwa kwa wote wawili, aliyerusha na aliyedaka.

Watu wetu hapa Wembley, London, walinisema sana. Shoga yangu mmoja wa Pemba aliniuliza, "Mtoto wa kike anagaragazwa matopeni, na wewe umekaa unatazama?" Nikamwambia sikai, nasimama. Na kweli nilisimama, miaka tisa, kila Jumapili yenye mchezo, na chupa yangu ya chai na kanga juu ya koti. Mama yake yuko zamu hospitali. Nani mwingine angekwenda?

Kwetu mimi ndiye mtaja majina kwenye khitma. Ikifika dua ya marehemu mwalimu hunisubiri, nami humtajia watu wetu mmoja mmoja, fulani mtoto wa fulani, mpaka wale ambao hakuna aliye hai aliyewaona. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini jina likishaingia kwangu halitoki. Mpira nao niliushika hivyohivyo. Namba za mgongoni zilinichanganya, basi niliwauliza wasichana wenyewe: wewe mtoto wa nani? Mmoja alidhani nataka kumtafutia mume. Tukirudi kwenye basi nilimtajia mjukuu wangu waliodaka, kwa mpango wao, naye akinisahihisha. Ilifika siku hana la kusahihisha. Majina yao yote ninayo hata leo. Hapa siyaandiki, wenyewe hawajaniruhusu.

Mwaka wa tisa bega lake likakataa, daktari akasema basi. Klabu ikamwandalia chakula cha mchana cha kumuaga, pilau nikapika mimi. Sote tulijua anaondoka na rekodi: pasi nyingi za mabao kuliko mwanamke yeyote aliyeichezea klabu ile. Akasimama mwenyekiti, Mzungu mrefu, mpole, akamsifu sana. Halafu akasema rekodi inabaki kwa yule mchezaji wa zamani aliyekuwa nayo. Karatasi za msimu wa tatu wa mjukuu wangu zililowa kwenye kibanda cha vifaa, hazisomeki, na bila karatasi mabao ya mwaka ule hayahesabiki. Bila hayo amepungukiwa saba.

Mjukuu wangu akapiga makofi pamoja na wengine. Nilimtazama uso. Bega lile alilimaliza kwa ajili ya kitu hiki, na sasa anakipigia makofi kikienda kwa mwingine.

Akaniinamia, akasema kwa Kiingereza kama kawaida ya vijana wa huku, "Bibi, achana nao. Ni mpira tu."

"Miaka tisa unaniambia si mpira tu. Kaa hapo."

Nilipoingia nchi hii, ofisini kule Croydon waliniuliza nimezaliwa lini. Nikawaambia: mwezi wa mfungo sita, siku ya tatu, mama yangu kaniambia mwenyewe. Hawakutaka mwezi wa Kiislamu, wakaandika tarehe mosi Januari. Nilinyamaza kwa kuwa nilihitaji kukaa. Safari hii hakuna aliyeweza kunirudisha popote.

Nikasimama. Kiingereza changu ni cha kuogesha wazee na kuwalisha, ndiyo kazi niliyoifanya, lakini kwa kubishana kinatosha.

"Msimu wa tatu ninao," nikamwambia mwenyekiti.

"Una karatasi, bibi?"

"Ninao kichwani."

Watu wakacheka kile kicheko cha kumhurumia mzee. Mwenyekiti akasema, kwa adabu, "Utusamehe. Rekodi haiandikwi kwa kumbukumbu ya mtu. Tena bibi yake mwenyewe."

"Basi nijaribu. Misimu mingine karatasi unazo. Chagua mchezo wowote."

Hakutaka. Wasichana wakaanza kugonga meza kwa vijiko mpaka akafungua faili. Akachagua mchezo wa ugenini, msimu wa tano, siku ya mvua. Nikamtajia waliodaka pasi nne za mabao, hapa nawaita kwa kazi zao: wa kwanza mwalimu wa chekechea, wa pili dereva wa basi, wa tatu mwalimu tena, wa nne yule nesi mrefu. Yeye nilimpa majina kamili, na ya mama zao.

"Tatu sawa," akasema. "Ya nne umekosea. Hapa ameandikwa mwingine."

Mjukuu wangu akanivuta kanga nikae. Nikaurudia mchezo ule kichwani, pole pole, tangu mwanzo. Kona ya kushoto kulikuwa na dimbwi.

"Karatasi imekosea," nikasema.

"Bibi, karatasi iliandikwa siku ileile."

"Na mimi nilikuwapo siku ileile. Wewe ulikuwa garini, mvua ilikuwa kubwa."

Nyuma akainuka nesi, sahani ya pilau mkononi. "Aliyedaka ni mimi. Nilitua kwa kidevu, nikashonwa. Kovu hili hapa. Huyo mliyemwandika siku ile hata hakucheza."

Huyo aliyeandikwa, naye alikuwa meza ya pili. "Kweli," akasema, "nilikuwa harusini kwa dada yangu. Bao la bure mimi sikulikataa."

"Mwizi wewe," nesi akamwambia, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwenyekiti akakaa, akachukua kalamu. Nikamsomea msimu wa tatu, mchezo baada ya mchezo, na kila niliyemtaja akiwa ukumbini aliitika. Wawili walipigiwa simu palepale. Katikati mjukuu wangu akanikumbusha pasi moja ya mchezo wa mwisho. Nikakataa kuitia, refa aliifuta na alikuwa na haki. "Mbona unaninyima, Bibi?" Nikamwambia anyamaze, simkopeshi mtu. Alihitaji nane ampite yule wa zamani. Zilitimia kumi na tisa.

Mwenyekiti akaandika karatasi nyingine, akanipa niweke sahihi kama shahidi. Nikamwomba mjukuu wangu anisomee. Chini kabisa palikuwa na mstari: mabao ya msimu wa tatu ni makadirio.

"Hili lifute," nikasema. "Mimi sikukadiria. Niliona."

"Ni neno la kawaida tu, bibi. La kutulinda sisi."

"Lifute, au sahihi yangu huipati."

Akamgeukia mjukuu wangu, kama watu wanavyomgeukia kijana, mzee anaposumbua. Nami nikamngoja nimsikie akiniambia tena niachane nao. Alikuwa ameushika mkono wake mbovu kwa ule mzima.

"Umemsikia bibi yangu," akasema, kwa Kiswahili, mbele za watu wote. Kisha akakumbuka nani anayeambiwa, akarudia kwa Kiingereza.

Mwenyekiti akaukata mstari ule kwa kalamu. Nikavuta kiti, nikaandika jina langu kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyofundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo, kutoka kulia, bila haraka. Akaiinua karatasi, akaitazama. Akaniuliza kama naweza kuliandika kwa herufi wanazosoma wao.

Naweza. Nikamwambia aliache hivyohivyo.